Barua za Shangazi Hadharani

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Zile salamu ndefu za mwanzo wa barua zihesabu zote zimeandikwa na umeziitikia, maana nina jambo limenijaa mdomoni. Baba amekubali. Sijui ulimwambia nini kwenye simu Jumapili ile, ila alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi, akasema niende kwenye hayo mafunzo ya kompyuta, lakini ni muhula huu tu. Mwisho wa muhula wanafunzi wote wanaonyesha kazi zao mbele ya wazazi. Amesema atakuja, atakaa nyuma, na akiona ni mchezo wa kukaa na kubonyeza, Jumatatu yake naanza kazi ghalani kwake, kuhesabu mifuko ya saruji na misumari. Nafasi ameshaniombea kwa mkuu wake na imekubaliwa. Kwa hiyo nina muhula mmoja wa kujiokoa.

Tunasomea kwenye ukumbi wa jamii, nyuma ya zahanati. Kompyuta zote ni za msaada, nyingine zikiwashwa zinapiga kelele hadi wagonjwa wanachungulia. Lakini tunayofundishwa, Shangazi, we acha tu. Tunatengeneza tovuti kwa programu huria, yaani zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzichukua, kuzifungua aone zilivyoundwa ndani, kuzibadilisha na kumpa mwenzake, mradi amtaje aliyezianzisha. Mwalimu wetu tumempachika jina la Mwalimu Hadharani, kwa sababu hamalizi sentensi bila neno hilo. Kwake kosa ni hadharani, marekebisho ni hadharani. Nadhani hata mswaki anapigia hadharani.

Kila mmoja wetu lazima amalize akiwa na tovuti inayotumiwa na watu wa kweli. Mimi sijui bado nitaandika kuhusu nini.

Nina maswali mawili. Cherehani ya Mama inaruka mishono, afanyeje? Na la pili, kwa nini Baba anaichukia hivi kazi ya kukaa? Yeye mwenyewe ghalani anakaa.

Wako,
Kiroboto


11 Februari

Kiroboto,

Hilo la mswaki limenivunja mbavu, mpaka mteja aliyekuwa mlangoni akadhani namcheka yeye. Na unavyoona, nakujibu kwa barua. Nikikupigia simu unaniambia sawa Shangazi, sawa Shangazi, halafu hufanyi lolote. Barua haina sawa Shangazi.

Baba yako sikumwambia jipya. Nilimwambia mimi ndiye niliyembeba mgongoni na kumfuta makamasi, sijawahi kumwomba kitu, sasa naomba hili. Umeingia kwa neno langu, kwa hiyo ukichezea muhula huo umenichezea mimi.

Tuje kwenye cherehani. Mwambie mama yako asishike bisibisi. Watu cherehani ikiruka mishono wanakimbilia skrubu, wanafungua hiki, wanakaza kile, na mwisho wananiletea mashine ndani ya ndoo. Aanze na sindano. Sindano iliyopinda huwezi kuiona kwa macho, iviringishe juu ya kioo, ikiyumba itupe. Mpya ina upande mmoja bapa, na ubapa huo una sehemu yake ya kukaa, kwenye mashine ya mama yako ni nyuma. Aisukume juu mpaka igome ndipo akaze. Baada ya hapo afungue bamba la chini, asafishe vumbi la nyuzi katikati ya meno kwa mswaki mkavu, huo usipige hadharani. Tone moja la mafuta, ashone kitambaa kibovu kwanza, ndipo ashike kizuri. Kama bado inaruka aniandikie, ila haitaruka.

Juzi mama mmoja kaniletea mashine akisema imerogwa. Nikabadili sindano, uchawi ukaisha. Na huyu jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, Mama Mkasi, anakata kitambaa kama mtu anayekimbizwa, nguo ikipinda analaumu cherehani, na cherehani inaletwa kwangu nayo haina kosa.

Sasa la baba yako, na hili libaki kati yako na mimi. Baba yako alikuwa anadarizi. Ndiyo, kwa mkono, sindano na uzi. Akiwa kijana alitia maua kwenye foronya za nyumba nzima, na maua yake ukiyaona ungetaka kuyanusa. Majirani walikuja kuyaagiza. Halafu akapata kibarua ghalani, wapakizi wakamkuta na kitambaa na sindano kwenye mfuko wake wakati wa mapumziko. Walimcheka wakamfanya mwimbo. Alirudi nyumbani akanipa nyuzi zake zote, na tangu siku hiyo hajashika sindano hata kurudishia kifungo. Ndiyo maana akimwona mtu amekaa ameinamia kitu anachokipenda, roho inamruka. Hakukasirikii wewe. Anakuogopea.

Usimwambie nimekwambia.

Shangazi yako,
Fundi


23 Februari

Shangazi,

Ilikuwa sindano. Mama ameshona mapazia ya chumba kizima bila kuruka hata mshono mmoja, na sasa anatembea nyumbani akitoa mashauri kama vile ni yeye aliyegundua. Baba naye namtazama kwa jicho lingine kabisa. Jana alikuwa anakunja magazeti, nikavitazama vidole vyake mpaka akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Nina ukurasa wangu wa kwanza. Nimeupanga mwenyewe, kichwa juu, picha ya cherehani pembeni, maandishi yanajipanga vizuri hata kwenye simu ndogo. Mwalimu alitaka kila mtu aujaze maneno, yoyote yale, tuone ukurasa uliojaa unakaaje. Wenzangu waliandika la la la mpaka chini. Mimi nilikuwa na barua yako kwenye begi, ndefu na imepangika, nikainakili yote nikaipa jina Mashauri ya Fundi. Usihofu, ni maneno ya kujazia tu, tukimaliza mazoezi tunafuta. Kuna vitufe viwili, kimoja kinapeleka ukurasa kwenye kompyuta ya mazoezi hapa hapa ukumbini, kingine kinaupeleka hadharani. Mwalimu alisifu nafasi nilizoacha kati ya mistari.

Nina furaha siku hizi, Shangazi. Nikikaa pale naona mikono yangu inajua inachofanya.

Kiroboto


10 Machi

Kiroboto mwanangu,

Habari za huku ni za ajabu kidogo, nakupa kama zilivyo.

Jumatatu alikuja mama nisiyemjua, anatoka upande wa pili wa mji, kabeba cherehani kichwani. Kabla hajaitua akaniambia, najua utasema sindano, nimeshaibadili. Nikamuuliza amejuaje kwamba ningesema sindano. Akanishangaa, akasema si mwenyewe umesema. Jumatano wakaja wengine, mmoja akaniomba nimwonyeshe ile ndoo. Alhamisi Mama Mkasi akavuka barabara, mkasi mkononi, akasimama mlangoni kwangu mbele ya wateja, akaniambia kwamba yeye hakimbizwi na mtu. Kisha akarudi zake.

Nikajitia hamnazo siku nzima. Jioni nikamwomba kijana wa duka la simu anitafutie, akanitafutia, akanisomea. Nilianza kucheka. Halafu akafika kwenye foronya.

Kile kitufe ulichobonyeza kilikuwa kipi? Na baba yako, ameiona ile sehemu yake?

Jibu upesi. Salamu kwa wasomaji wengine wote.

Fundi


16 Machi

Shangazi,

Nilibonyeza cha hadharani.

Sijui nikuandikie nini zaidi ya hicho. Vile vitufe viko jirani, nami nilikuwa nimevimba kichwa kwa kusifiwa. Ukurasa ukatoka nje barua yako yote ikiwa ndani, mpaka pale ulipoandika nisimwambie. Binti ninayekaa naye meza moja mama yake anauza vitambaa, akaupenda, akawatumia mafundi anaowauzia, nao wakawatumia wengine. Mimi sikujua kitu. Niliona tu kwamba ukurasa unatembelewa, nikadhani ni wanafunzi wenzangu.

Mpakizi mmoja ghalani mke wake anashona. Alimsomea mumewe usiku, asubuhi yake ghala zima likampachika Baba jina la Fundi Foronya. Wengine walikuwa hawajazaliwa alipochekwa mara ya kwanza, Shangazi, na sasa wamemcheka tena kwa sababu yangu.

Alirudi akakaa, hakula. Nilipomletea maji akaniuliza nani mwingine anajua. Nikamwambia, Baba, iko hadharani. Akasema neno moja, futa, akaingia ndani. Nilikimbia hadi ukumbini nikamkuta Mwalimu anafunga mlango, akaufungua tena. Tumefuta sehemu yote ya Baba na ya Mama Mkasi. Lakini Mwalimu hakunidanganya. Amesema kufuta ni kuondoa mbele ya macho ya wasomaji. Matoleo ya nyuma yanabaki kwenye kumbukumbu ya tovuti, na aliyekwisha kunakili ameshanakili.

Nataka kuacha. Nitaenda ghalani nihesabu saruji, labda hapo atanitazama usoni. Nigombeze kwanza, naona aibu kwamba hujanigombeza.

Kiroboto


21 Machi

Kiroboto,

Haya, nakugombeza. Mtu mwenye akili anasoma kitufe kabla ya kukibonyeza. Mimi sichomeki waya ukutani bila kutazama. Nimemaliza.

Mdomo ulikuwa wangu, kidole kilikuwa chako, tugawane. Baba yako nimempigia mara nyingi hapokei. Nitaendelea kupiga, nimezoea kununiwa na yeye, alianza akiwa na meno mawili.

Kuacha, hapana. Ukienda ghalani sasa utamkalisha mezani kila siku na mtoto anayeomba msamaha, hicho ndicho unachotaka kumpa? Alichotaka amekwambia, futa, umefuta. Sehemu yake usiirudishe mpaka yeye mwenyewe aseme, hata akija mkubwa gani kukuomba. Yaliyobaki ni yangu, na mimi nasema yabaki. Ulikuwa hujui uandike tovuti ya nini, sasa unajua. Watu wanakuja kwangu wakiwa wameshasafisha meno ya mashine zao, kazi yangu imekuwa nyepesi, na wanaokwama kweli ndio wanaofika. Tuendelee, ila safari hii nikiandika najua naandikia watu.

Mama Mkasi nilimfuata mwenyewe. Tulisemana vya kutosha. Nilipochoka nikamwambia basi, kama hukimbizwi, waeleze watu unavyokata. Akanikatia kola pale pale nikitazama, na nikwambie kweli, kwa kola yule mama ni hatari, mimi siwezi. Anakimbia kwenye marinda tu. Ukurasa wa kola ataniimlia, nitaandika, wewe upange. Ameshasema jina lake likae juu na liwe kubwa.

Hapa chini nimeanza na bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, kwa nini uzi huo unajikunja, na namna ya kujua kama tatizo ni la juu au la chini. Usome kabla ya kuchapisha. Rudia hiyo sentensi.

Shangazi yako,
Fundi


2 Mei

Shangazi,

Kurasa zako ulizotuma mara ya mwisho zimepanda zote, na nimezisoma kabla, mbele ya Mwalimu, kwa sauti. Ile ya bobini ndiyo inayosomwa kuliko zote. Ya kola inaifuata, mwambie Mama Mkasi lakini umwambie taratibu asije akaanza kutoza salamu.

Nimefanya jambo ambalo Mwalimu alisema nijaribu, nimeweka sehemu ya msomaji kupendekeza marekebisho. Wanapendekeza kweli. Fundi mmoja ametuambia kwenye mashine yake ubapa wa sindano unakaa kushoto, siyo nyuma, nikakuuliza kwa simu ukanijibu sawa sawa, yuko sahihi, nikaongeza na jina lake nikalitaja. Mwingine ametuchorea njia ya uzi vizuri kuliko tulivyoweza kuieleza. Nilidhani kuweka mambo hadharani ni kuonyesha tu. Kumbe na wenyewe wanakuonyesha.

Wiki iliyopita nilipata homa ya ghafla. Nilikuta tovuti yetu nzima, picha zetu, mpangilio wangu, kwa lugha nisiyoijua hata herufi moja. Nikajua tumeibiwa. Nilimpelekea Mwalimu mbio, yeye akacheka mpaka akavua miwani. Akanionyesha mstari wa juu kabisa, umeandikwa kwa lugha yetu ili tuuelewe, kwamba kazi hii imetoka kwa Fundi wa Cherehani, shangazi wa Kiroboto. Huyo mtu ana chuo kidogo cha ushonaji kwao, amechukua kama tulivyoruhusu wenyewe, amefasiri, wanafunzi wake wanasomea. Shangazi, kuna wasichana mahali sijui hata jua linachomoza saa ngapi wanaviringisha sindano juu ya kioo kwa sababu yako. Nililia mbele ya darasa, hadharani kama inavyotakiwa.

Sasa jambo gumu. Msomaji mmoja, mwanamume, ameandika hivi. Palikuwa na sehemu ya kijana aliyedarizi maua akachekwa. Mwanangu wa kiume anapenda sindano na shuleni wanamsumbua. Nilimsomea, akaniomba nimsomee tena kesho yake, niliporudi sikuikuta. Naomba muirudishe.

Kuirudisha ni kubofya mara moja tu, ipo kwenye kumbukumbu. Mwalimu anasema ule ndio ulikuwa moyo wa tovuti, na wanaokuja kuchagua msaidizi wa kufundisha darasa lijalo wataangalia hilo. Ndiyo, kuna nafasi ya usaidizi, ya mshahara, nilikuwa sijakwambia nisije nikaikosa ukajua. Lakini hakunilazimisha. Baba ananijibu salamu na anauliza kama nimekula, basi. Yule msomaji nimemjibu kwamba mwenye hadithi hajaniruhusu. Nimekosea?

Maonyesho ni tarehe kumi na nane. Baba hajasema kama atakuja.

Kiroboto


8 Mei

Kiroboto,

Hujakosea. Simama hapo hapo.

Ningekuja, lakini nina wasichana wanne wanajifunza kwangu sasa, wote wametoka kwenye ukurasa wako, nikiwaacha siku moja nitakuta mashine zote ndani ya ndoo. Baba yako alipokea simu jana. Hatukuzungumza la maana, tulizungumza mvua. Lakini alipokea.

Vaa lile gauni la buluu nililokushonea. Ongea polepole. Usiwaeleze watu jinsi kitu kilivyo kigumu, waonyeshe kinavyofanya kazi.

Nakuombea, na najivunia wewe, nayaandika hayo kwa wino uone.

Fundi


19 Mei

Shangazi wangu,

Kaa kitako. Kama kuna mteja mwambie asubiri.

Ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama madirishani, na wauguzi wa zahanati walikuja wakiwa na makoti yao. Baba alikuja. Alikaa kiti cha mwisho karibu na mlango, amevaa shati la kazini, amekunja mikono. Nilipomwona nikasahau nilichopanga kusema, nikajikaza.

Nilifanya ulivyosema. Sikueleza kitu. Nilimwomba muuzaji vitambaa, mama wa yule binti wa mezani kwangu, asimame na cherehani yake aliyoileta haishoni, nikawasha ukurasa wako ukutani, nikampa simu asome mwenyewe na kufanya mwenyewe. Uzi wa chini ulikuwa unajikunja. Alisoma, akatoa bobini, akaigeuza, akapitisha uzi unapotakiwa kupita, akashona. Ukumbi mzima ulikuwa ukisikiliza mashine, halafu wakapiga makofi kabla hajamaliza mstari. Nikawaonyesha marekebisho ya mafundi wengine, kila moja na jina la mtu. Nikawaonyesha na ile ya lugha ngeni. Mwenyekiti wa waliokuja kuchagua msaidizi alivaa miwani akasogea hadi karibu na ukuta.

Ndipo akaniuliza. Alikuwa ameisoma tovuti mapema, akasema kwenye kumbukumbu ya mabadiliko anaona kuna sehemu kubwa imetolewa mwezi wa tatu, na kuna msomaji ameiomba, kwa nini kazi nzuri kama hii inakosa kipande? Mwalimu Hadharani alitazama chini. Nilijua nikieleza vizuri wataniona nina busara na nafasi inaweza kuwa yangu, ila kueleza ni kumtaja Baba mbele ya watu wale wale waliomcheka. Nikasema, mwenye hadithi hajaniruhusu, na bila ruhusa yake siwezi hata kuwaeleza ilihusu nini. Mwenyekiti akaandika kitu kwenye karatasi yake. Nikahisi uso umenishuka, nikaanza kufunga ukurasa.

Nikasikia kiti kinaburutwa nyuma.

"Mwenye hadithi ni mimi," Baba alisema. "Irudishe."

Watu wote waligeuka. Wapakizi watatu wa ghalani walikuwepo, wamekuja na wake zao, na yeye aliwaona kwamba wapo. Nikamuuliza, Baba, una uhakika, maana ikitoka imetoka. Akasema amenisikia nikimwambia mtu kwamba hajaruhusu, sasa ameruhusu. Nikafungua kumbukumbu, nikatafuta kile kipande chake kilichotolewa mwezi wa tatu, nikasoma kitufe mara mbili, Shangazi, naapa nilikisoma, nikabonyeza. Maua, foronya, majirani, vyote vikarudi ukutani mbele ya ukumbi mzima, kwa maneno yako. Baba aliyasoma yote akiwa amesimama. Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wapakizi, yule ambaye mke wake anashona, alivua kofia.

Nafasi ya usaidizi nimeipata. Naanza na darasa jipya, wengine wananizidi umri. Mwalimu amesema kazi yangu ya kwanza ni kuvitenganisha vile vitufe viwili, kimoja kikae juu, kingine chini kabisa, na cha hadharani kimuulize mtu kwanza kama ana uhakika.

Kuna la mwisho lililotokea pale mbele, ila Baba amesema atakuandikia yeye. Amekaa mezani sasa hivi, anapasua karatasi ya tatu.

Kiroboto wako


20 Mei

Kwa Dada yangu,

Yahusu: Binti Yetu.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Ninakuandikia kukuarifu kwamba maonyesho yalifanyika kama ilivyopangwa na nilihudhuria. Binti ameeleza kazi yake kwa ufasaha. Nimemjulisha mkuu wangu ghalani kwamba ile nafasi niliyoomba haihitajiki tena kwa upande wetu, apewe mwingine.

Dada, siwezi kuendelea na lugha hii, naona unanicheka.

Nilikukasirikia. Uliitoa siri yangu, na mtoto akaitembeza. Walipokuwa wananiita yale majina nilitaka kukupigia nikutukane, halafu nikaogopa kwamba nikisikia sauti yako nitalia, ndiyo maana sikupokea. Baadaye nilimwomba karani wetu anionyeshe huo ukurasa kwenye kompyuta ya ofisini. Kile kipande kilikuwa kimeshatolewa kama nilivyotaka. Nikasoma yaliyobaki, kila Jumapili ya zamu yangu nikawa nasoma. Niliona watu wanashukuru. Nikaliona ombi la yule baba wa mtoto anayependa sindano, na jibu alilopewa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitaka kumwambia Binti arudishe, nikamkuta anapika, nikamuuliza kama amekula. Mdomo ulinikataa, Dada.

Juzi nilimwona amesimama mbele ya watu walioshika riziki yake mkononi, anaikataa riziki hiyo ili mimi niendelee kujificha. Mimi nimekaa nyuma karibu na mlango, mtu mzima. Sikuona tena wanaonicheka. Nilimwona yeye tu.

Alipokwisha kuirudisha aliniita mbele. Alinieleza kwamba kwao ni sharti, kazi ya mtu ikichapishwa mwenyewe atajwe, na hadi sasa pale palipozungumziwa maua hapana jina lililotajwa. Akaweka vidole tayari, akaniuliza aandike nani aliyeyadarizi. Aliuliza kwa sauti ya chini ili nikitaka kukataa nikatae. Nilifikiri aandike mtunza ghala. Nilifikiri hata lile jina la Fundi Foronya, kwa nini nisilichukue. Halafu nikamwambia aandike: baba wa msichana aliyetengeneza tovuti hii.

Akaniuliza, "Hivyo hivyo tu, Baba?"

Nikamwambia hivyo hivyo, hadharani.

Mdogo wako